Plana ya wiki ya karatasi: tuichore kufuata kazi ya mtu, si kufuata saa za ofisi

#1 rula_na_biro

Habari zenu wote humu. Nataka tuongee juu ya plana za wiki, zile za karatasi, juu ni kitu imenikaa kichwani karibu mwaka mzima na sasa naona nimeanza kuielewa.

Niko Kisumu, nafanya kazi kwa saiba moja upande wa Kondele: kutaipu, kuprinti, fotokopi, kubaindi. Kila Desemba mpaka Januari watu wanakuja wanataka dayari ya kupanga wiki, wengine wameshaipata kwa simu wanataka tu niwatolee. Halafu ikifika Machi nikikutana na mtu namwuliza, mama, ile dayari inaendeleaje, ananiambia niliandika wiki tatu nikaacha. Mwingine wiki mbili. Na karibu wote wanajilaumu, eti mimi sina nidhamu, mimi kupanga vitu siwezi. Mtu anaamka saa kumi alfajiri kwenda sokoni, amesomesha watoto wanne na hiyo biashara, halafu kipande cha karatasi kinamfanya ajione hana nidhamu. Hiyo ndiyo iliniuma nikaanza kuziangalia karatasi zenyewe.

Angalieni na nyinyi. Karibu zote zimechorwa namna moja, Jumatatu hadi Ijumaa kila siku na boksi lake kubwa, Jumamosi na Jumapili zimebanwa pamoja kwa kona ya chini. Masaa yanaanza saa mbili asubuhi yanaishia saa kumi na moja jioni. Hiyo ni karatasi ya mtu wa ofisini, na kwa mtu wa ofisini ni nzuri, sina neno. Lakini mama anayeuza Kibuye, Jumapili ndiyo siku soko linafurika, ndiyo siku yake kubwa ya mauzo, na hapo ndipo amepewa nafasi ya kuandika maneno manne. Saa kumi na moja alfajiri, wakati ameshamaliza kununua bidhaa, haiko kabisa kwa hiyo karatasi.

Na hata Kiswahili chenyewe hakianzi wiki Jumatatu. Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, Jumatatu ni tatu, unaenda hivyo mpaka Jumatano (Alhamisi nayo ni tano ya Kiarabu, juu Waarabu wanahesabu kutoka Jumapili, ndiyo maana tuko na tano mbili kwa wiki moja). Kuanza Jumatatu ni kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe, ISO 8601, ambayo kompyuta nyingi zinafuata. Hakuna sheria inakulazimisha kuifuata kwa daftari lako.

Sasa nije kwa mfano ulionifungua macho. Kuna dada fundi cherehani, duka lake limepakana na letu. Alikuwa amenunua dayari ya jalada gumu, siku moja ukurasa mmoja, na bado kila Jumamosi wateja wanamgombeza. Ijumaa moja Novemba nikakaa kwa stuli yake nikamwomba anionyeshe venye anaandika. Jumatatu: "mama wa kitenge cha bluu, vipimo". Jumanne: "kitenge cha bluu ameleta yadi sita". Alhamisi: "kukata bluu". Gauni moja limetawanyika kwa kurasa tatu na hakuna ukurasa hata mmoja unaweza kukuambia limefika wapi. Nikamwuliza, kesho nguo ngapi zinachukuliwa? Akasema nne, ama tano. Tukarudi nyuma kurasa moja moja tukihesabu ahadi. Zilikuwa tisa. Alinyamaza kidogo, mkono bado uko juu ya gurudumu la cherehani, akasema basi leo silali.

Fundi hahesabu siku, anahesabu nguo. Kwa hivyo karatasi yake nikaichora mstari mmoja nguo moja, na safu za kwenda kando ndizo hatua: jina, vipimo, kitambaa kimefika, kukata, kushona, kujaribu, kuchukua, balansi. Hatua ikiisha anatia tiki. Siku za wiki nimeziweka chini tu, boksi saba ndogo, na kila boksi lina vijiduara vinne vitupu kwa sababu yeye mwenyewe alisema nguo anazoweza kumaliza vizuri kwa siku ni nne. Kila akimwahidi mtu Jumamosi anajaza kiduara kimoja cha Jumamosi. Vinne vikijaa, mteja wa tano anaambiwa siku nyingine hapo hapo kabla hajatoka dukani. Alianza Januari na saa hii ako kwa kitabu cha pili.

Tangu hapo, mtu akija kutaka plana sichukui rula kwanza. Namwuliza kazi yako inahesabiwa na nini? Ni saa, ni wateja, ni odari, ni safari, ni nini? Kile kinachohesabu kazi yako ndicho kinafaa kuwa mstari wa karatasi. Nataka kusikia za kwenu, kila mtu aseme kazi yake inakwendaje nione kama hii njia inashika ama iko na mashimo.

#2 mwalimu_njoro

Nimesoma yote na nimependa ya huyo fundi. Lakini naomba usiyatupe masaa, kuna sisi ambao saa ndiyo mwajiri. Mimi nafundisha sekondari, kipindi ni dakika 40, kengele ikilia imelia. Nikichora plana ya mistari ya kazi bila masaa nitajikuta nimepanga kusahihisha insha 52 wakati niko darasani. Shida yangu mimi ni nyingine. Kila Jumapili jioni nakaa nanakili ratiba ile ile ya vipindi kutoka ubaoni hadi kwa dayari, inanichukua karibu nusu saa, halafu nikishamaliza kunakili sina nguvu tena ya kupanga chochote. Kwa hivyo plana yangu imejaa lakini haijapanga kitu.

#3 rula_na_biro

Mwalimu asante sana, na umenipata pahali nilikuwa sijafikiria vizuri. Masaa yabaki kwa yule ambaye saa inamwamuru. Lakini hiyo ya kunakili ndiyo inakumaliza. Kitu kisichobadilika kiandikwe mara moja. Ratiba yako ya vipindi ichapishwe ndani ya jalada la mbele, iwe kubwa, ukifungua kitabu unaiona. Halafu kwa karatasi ya wiki usiweke vipindi unavyofundisha kabisa, weka zile nafasi huru peke yake, juu hizo ndizo wewe unaamua. Kama kwa wiki uko na nafasi huru kumi, chora boksi kumi zenye siku na saa zake, na insha 52 unazigawa humo: hapa kumi, hapa kumi, hapa kumi na mbili, hivyo hivyo mpaka ziishe. Zikikataa kuingia utajua Jumapili jioni, si Alhamisi usiku. Azimio la kazi na rekodi ya kazi ziachie faili zake, usizirudie humu.

Na kitu kimoja cha vipimo, kwa wote wanaotaka kuchora wenyewe. Watu wengi wanachukua A4, wanailaza, wanagawa safu saba. A4 ni milimita 297 kwa 210. Ukitoa pambizo za milimita 10 kila upande umebaki na 277, gawa kwa saba ni kama 39. Chukua biro uandike "kusahihisha insha za kidato cha pili" kwa nafasi ya milimita 39 uone. Unaishia kuandika vifupi ambavyo Jumatano hujui tena vilimaanisha nini. Siku zikiwa mistari ya kulala badala ya safu za kusimama, mwandiko unapumua. Wewe mwalimu uko na siku tano tu, ukitaka safu tano zinakutosha, ni karibu milimita 55.

#4 zamu_kakamega

Mulembe wote. Mimi ni muuguzi, Kakamega. Naomba mniangalilie yangu juu nimejaribu plana tatu na zote zimenishinda pahali pamoja. Nikiwa zamu ya usiku naingia saa moja jioni Jumanne natoka asubuhi Jumatano. Sasa hiyo naandika wapi? Nikiandika kwa Jumanne, Jumatano inaonekana niko huru asubuhi na watu wa nyumbani wananipangia kazi, shangazi anataka nimpeleke benki, chama wanataka nikaribishe. Nikiandika kwa Jumatano inaonekana Jumanne jioni niko. Mara mbili nimekosa vitu vya maana kwa sababu ya hiyo, na moja ilikuwa mkutano wa wazazi shuleni kwa mtoto wangu, nililala nikapita nao. Sijasahau sura yake jioni hiyo.

#5 rula_na_biro

Pole sana dada. Nimekaa na hii yako siku mbili kabla ya kujibu, niliona jibu la haraka litakuwa la uongo.

Kiswahili kinajua huo usiku wako, tena kina jina lake. Tunasema "usiku wa kuamkia Jumatano". Si Jumanne, si Jumatano, ni kuamkia. Waliochora zile plana walikata siku saa sita usiku, na mtu wa zamu anakatwa katikati. Kwa hivyo nikachora hivi. Ukurasa ni A5, yaani A4 imekunjwa mara moja, urefu wake milimita 210. Toa milimita 12 juu na 9 chini unabaki na 189. Kila siku nimeipa milimita 21, ambayo ni mistari mitatu ya milimita 7, na juu ya kila siku nimeweka ukanda mwembamba wa milimita 6 umeandikwa "kuamkia". Saba mara 21 ni 147, saba mara 6 ni 42, jumla 189, hakuna hata milimita moja imepotea. Zamu ya usiku unaipaka ukanda wote kwa biro. Ukiangalia ukurasa unaona ukanda mweusi umekaa juu ya Jumatano, na mtu yeyote nyumbani akiuangalia anaelewa kwamba Jumatano asubuhi huyu analala. Kwa mstari wa kwanza wa siku baada ya zamu nimeandika kabisa "usingizi hadi saa" halafu nafasi tupu, uijaze. Usingizi wako ni sehemu ya kazi, upewe mstari wake kama kazi nyingine.

Nitumie ujumbe nikutumie faili uiprinti huko.

#6 kisii_ya_juu

Naongeza dogo. Sisi Wasabato Ijumaa jua likizama kazi imefungwa mpaka Jumamosi jua lizame. Hiyo kuamkia ya Jumamosi kwangu naipaka kabisa, na Jumamosi jioni naiachia nafasi ya kupanga. Wiki yangu ianze Jumapili tafadhali. Ukurasa wa mkono wa kushoto uishie na Sabato.

#7 stejini_nyalenda

Mimi niko kwa boda, na nilikuwa nimepita huu uzi nikifikiri si wangu. Lakini nikajiuliza hilo swali, kazi yangu inahesabiwa na nini, nikaona ni kama vitu viwili vimeshikilia siku kwa ncha mbili. Asubuhi saa kumi na mbili na robo nabeba watoto watatu wa shule, na jioni nawarudisha. Hao ni wa mwezi, pesa yao najua. Katikati hapo siwezi kukuambia nitakuwa wapi saa tano, naweza kuwa Mamboleo, naweza kuwa nimekaa stejini saa nzima. Sasa ukiniwekea masaa nitaandika nini? Na bado kuna vitu lazima vifanyike katikati, malipo ya pikipiki ya kila siku, mafuta, oili, kumpelekea mama unga. Hivyo ndivyo vinaniponyoka.

#8 maseno_usiku

@stejini_nyalenda ndugu, yako iko na jibu na mimi nimesoma juu yake. Kuna profesa wa saikolojia, Peter Gollwitzer, ambaye ametafiti sana mipango ya namna hii: badala ya kusema nitafanya kitu fulani, unakifunga kwa tukio, kwamba hiki kikitokea, nafanya kile. Wewe matukio unayo. Usiandike "saa nne: oili". Andika "nikishawashusha watoto, naangalia oili kabla sijarudi stejini". Andika "abiria wa kwanza wa kwenda mjini, nikimshusha natuma malipo". Tukio lazima litokee, na likitokea linakukumbusha.

Mimi yangu sasa. Naandika tasnifu ya shahada ya pili, niko mwaka wa tatu ilhali nilitakiwa miwili. Plana yangu kila wiki imeandikwa "maliza sura ya tatu". Kila wiki. Nikaja kusoma kwamba mwaka wa 1994 Roger Buehler na wenzake huko Kanada waliwauliza wanafunzi waliokuwa wanamalizia tasnifu watachukua siku ngapi, kwa wastani wakasema karibu 34, ikaja kuwa karibu 55 na nusu. Daniel Kahneman na Amos Tversky walikuwa wameshaieleza hiyo tabia ya akili tangu 1979, kwamba mtu akipanga anaiangalia kazi venye anatamani iende, haangalii za nyuma zilienda vipi. Nilisoma hiyo usiku nikafarijika kweli, nikaona si mimi peke yangu. Lakini bado sijui karatasi inaweza kunisaidia vipi.

#9 rula_na_biro

@maseno_usiku hiyo ya 34 na 55 imenipa wazo na nimeshaichora. Karatasi yako iwe na mistari mitatu tu kwa wiki, minene, si ishirini. Mwisho wa kila mstari safu mbili nyembamba: "nadhani" na "ilichukua". Jumatatu unaandika kipande, si sura. "Jedwali la 3.2 na aya mbili za kulieleza", nadhani masaa matatu. Ukimaliza unajaza ilichukua, labda saba. Baada ya wiki nne uko na rekodi yako mwenyewe na ukiandika nadhani macho yanaenda juu kuangalia zile za nyuma. Hapo ndipo karatasi inashinda, juu zile za nyuma ziko mbele yako bila kutafuta. Na upande wa kulia acha tupu kabisa, bila mistari, mtu anayeandika anahitaji pahali pa kumwaga.

@stejini_nyalenda yako itoshe mfukoni, A6, nusu ya A5. Kila siku mstari mnene juu (watoto asubuhi), mstari mnene chini (watoto jioni), na katikati mistari minne inayoanza na neno "nikisha..." limechapishwa tayari, wewe unamalizia. Unga wa mama uingie hapo.

#10 nakuru_58

Niulize tu kwa nia njema. Si simu iko? Kalenda ya simu inalia yenyewe na haiwezi kusahaulika kwa matatu.

#11 rula_na_biro

Iko, na kengele wachia simu, hata mimi natumia. Lakini simu inakuonyesha kitu kimoja kimoja. Yule fundi angekuwa na simu imelia mara tisa Jumamosi na bado Ijumaa asingejua ni tisa. Karatasi imelala wazi kando ya cherehani kutwa nzima, mteja mwenyewe anaiona, anaona viduara vimejaa, hata hakuna mabishano. Na daftari la karatasi halizimiki stima ikipotea.

#12 dada_dunga

Mimi nauza omena, wale dagaa wa ziwa, nachukua bichi ya Dunga na wakati mwingine naenda mbali zaidi. Nimesoma kila mtu hapa na hakuna hata mmoja ametaja yangu. Kazi yangu haihesabiwi na wiki kabisa. Inahesabiwa na mwezi, mwezi wa angani. Omena wanavuliwa usiku kwa taa, giza likiwa zito samaki wanaifuata taa, mbalamwezi ikiwa kubwa samaki hawaji vizuri na maboti mengine hayatoki. Kwa hivyo niko na siku nyingi za mzigo, nakimbia usiku na mchana, nachukua, naanika, nageuza, napima kwa gorogoro (kopo la kupimia), nasafirisha, halafu niko na siku za mwezi mkubwa nimekaa. Kila plana nimeona inasema wiki zote ni sawa. Zangu si sawa. Wiki ya giza nikipanga kwenda kliniki ama kumwona mtoto shuleni nimepoteza mzigo, na wiki ya mwezi mkubwa nikipanga biashara nimejidanganya. Na mvua ikinyesha omena wakiwa bado wameanikwa wanaharibika, unawauza wa kuku kwa bei ya kulia. Aprili mpaka Julai uvuvi wa omena unafungwa, hapo maisha ni mengine tena.

#13 rula_na_biro

Dada nimesimama nilipokuwa nimekaa. Nimeandika hapo juu kwamba chochote kinachohesabu kazi ndicho kiwe mstari, na bado karatasi zote nilizochora zilikuwa za siku saba. Mwezi unazunguka kwa siku 29 na nusu. Wiki nne ni siku 28. Yaani kila mzunguko unateleza siku moja na nusu, na ndiyo maana hata ukisema "wiki ya tatu ndiyo ya giza" baada ya miezi miwili tu umeshapotea, imesogea siku tatu.

Nimejaribu hivi, uniambie ukweli. Kila siku kwa pambizo ya kushoto kuna duara la milimita 8, tupu. Mwanzo wa kitabu unakaa na kalenda yenye miandamo ya mwezi, unajaza: la mwezi mpevu unaacha jeupe, la giza unalipaka lote, ya katikati nusu. Halafu ukifungua wiki yoyote, kabla hujasoma neno, rangi ya pambizo inakuambia hii ni wiki ya mzigo ama ni wiki ya kliniki, ya shule, ya madeni, ya kupumzika mgongo. Siku za giza nimezipa mistari mitano, ununuzi, kuanika, kuuza, nauli, mvua. Siku za mwezi mkubwa mistari miwili inatosha. Kwa sababu siku za giza zinasogea, urefu wa siku hauwezi kuchapishwa kabla, kwa hivyo ukurasa ni mistari mitupu ya milimita 7 na wewe ndiye unapiga mpaka wa siku kwa rula unapojaza maduara. Ni kazi ya jioni moja kwa miezi mitatu.

Na kwa sababu hiyo hiyo sichapishi tarehe kwa karatasi ya mtu yeyote sasa. Mtu akiugua wiki mbili arudi apate ukurasa unaofuata unamngoja, si kurasa nne tupu za kumshtaki.

#14 dada_dunga

Hiyo ya duara naitaka hata leo. Weka na nafasi ndogo ya kuandika niliuza gorogoro ngapi, nje ya mistari, nilinganishe giza hili na giza lililopita. Hiyo ndiyo hesabu sijawahi kuwa nayo.

#15 rula_na_biro

Nimeweka, kando ya duara.

Sasa wengi mmeniuliza inbox venye ya kutengeneza, nitaandika hapa mara moja. Usitengeneze kitabu cha mwaka mzima. Tengeneza cha wiki 13, yaani robo ya mwaka, na kwa walimu ni karibu muhula. Kila wiki inachukua kurasa mbili zinazotazamana, hizo ni 26. Ongeza ukurasa wa kwanza na wa mwisho, ni 28. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa inatoa kurasa nne za A5, kwa hivyo unahitaji karatasi saba tu. Pale kwetu upande mmoja ni shilingi 5, pande 14 ni shilingi 70, na kipande cha manila cha jalada.

Mpangilio wa kurasa ndio unawachanganya watu. Ya nje kabisa, upande mmoja ni ukurasa wa 28 na wa 1, nyuma yake ni wa 2 na wa 27. Inayofuata ni 26 na 3, halafu 4 na 25. Ukijumlisha namba mbili za upande mmoja lazima upate 29, usipopata 29 simama usiprinti. Ukiprinti pande mbili chagua kugeuza upande mfupi, la sivyo nusu ya kurasa zitatoka miguu juu. Usichore mstari unaovuka kutoka ukurasa wa kushoto hadi wa kulia, juu hizo kurasa mbili zinatoka kwa karatasi tofauti na hazitalingana, isipokuwa ya wiki ya 7 ambayo iko katikati, 14 na 15. Mistari iwe myembamba lakini myeusi kabisa. Ukiweka kijivu inaonekana nzuri kwa kompyuta lakini fotokopi inaivunja inakuwa vidotidoti. Karatasi ya gramu 80 na biro ya kawaida, kalamu za jeli zinaweza kupita upande wa pili.

Kubaki ni kuishona. Stepla ya kawaida haifiki katikati ya mkunjo. Unaweza kuifungua uipige juu ya katoni halafu ukunje miguu ya pini kwa mgongo wa kijiko, nimefanya hivyo mara nyingi, lakini kuna njia bora na aliyenionyesha yuko humu.

#16 cherehani_kondele

Ndiyo mimi yule fundi. Kunjeni karatasi zote saba pamoja na manila, zifungueni tena, mzipitishe kwa cherehani juu ya mkunjo, mshono mrefu kabisa, sindano nene ya jinzi. Mshono mfupi usitumie, unatoboa karibu karibu na karatasi inachanika kama stempu. Usirudi nyuma mwishoni kama kwa nguo, acha uzi mrefu ufunge fundo kwa mkono. Dakika mbili kitabu kimeisha na kinafunguka kikalala chini vizuri.

@dada_dunga na @zamu_kakamega leteni zenu nitawashonea bure, nimefurahi sana kuwasoma. Jumatano ama Alhamisi. Ijumaa na Jumamosi vijiduara vyangu vimejaa.